Firimbi Iliyouzwa

Mazungumzo yetu ya leo yatatupeleka mbali kidogo, hadi Marekani, katika viwanja vya mpira wa kikapu. Najua wako wazee watakaouliza: mchungaji ana habari gani na mpira? Ngojeni kidogo, baba na mama. Wajukuu wenu wanaujua mchezo huu kuliko mnavyodhani. Fulana zenye majina ya Lakers na Bulls zimejaa katika vikundi vyetu vya vijana, na wako wanaoamka saa tisa usiku, kabla jogoo wa kwanza hajawika, kutazama timu zikicheza upande ule wa dunia ambako bado ni jioni. Jambo linalomtoa kijana kitandani saa hiyo linastahili dakika chache za wazazi wake.

Tena mchezo huu una asili ambayo sisi watu wa kanisa hatuwezi kuionea haya. Aliyeubuni, mwezi wa Desemba mwaka 1891, ni James Naismith, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts. Alikuwa amemaliza masomo ya theolojia huko Montreal, nchini Canada, naye alitaka tu kuwapa vijana mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi, mchezo usio na kuumizana. Akatundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, akawapa mpira. Basi leo sikuja kuulaumu mpira wa kikapu. Nimekuja kuwaeleza jinsi ulivyouzwa, tena si mara moja, na ni nani waliolipia.

Yatubidi kwanza tujue hesabu moja, maana bila hiyo hatutaelewa yanayofuata.

Zamani mtu akicheza kamari juu ya mpira alisema tu: timu hii itashinda, ile itashindwa. Lakini timu hodari ikikutana na timu dhaifu, nani ataweka pesa zake juu ya dhaifu? Biashara ililala. Basi katika miaka ya 1940 wachezesha kamari wa Marekani wakaeneza ufundi mwingine. Husema hivi: timu hii ni hodari, kwa hiyo tunaitwika pointi kumi. Ukiweka pesa juu yake, haitoshi ishinde, ni lazima ishinde kwa zaidi ya pointi kumi. Ikishinda kwa sita, watu watashangilia uwanjani, lakini wewe utakwenda nyumbani mfuko mtupu.

Hapo ndipo nyoka alipoingia bustanini. Maana kabla ya hapo mtu mwovu aliyetaka kumnunua mchezaji ilimbidi amwambie: shindwa. Na ni kijana gani anayependa kushindwa mbele ya mama yake na wenzake? Sasa aliweza kumjia na neno laini kama siagi: shinda, rafiki yangu, shinda kabisa, ila usishinde kwa mengi. Kosa mpira mmoja hapa, chelewa hatua moja pale. Timu yako itapata ushindi wake, nawe utapata bahasha yako. Nani ataumia?

Katika Maandiko yuko mtumishi aliyefikiri vivyo hivyo. Gehazi alimwona Naamani akiondoka na fedha zake zote baada ya kuponywa, na bwana wake Elisha alikuwa amezikataa. Akaona ni hasara. Akamkimbilia, akatunga habari ya wageni wawili waliofika ghafula, akarudi na fedha na mavazi, akayaficha nyumbani, kisha akaja kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakutoka. Mnajua alichorudi nacho zaidi ya zile fedha, na mnajua kwamba watoto wake pia walikirithi.

Sasa twende New York, mwezi wa Januari mwaka 1951. Chuo cha Manhattan kilikuwa na mchezaji mrefu aitwaye Junius Kellogg, kijana wa Kiafrika-Kimarekani kutoka Portsmouth, Virginia, wa kwanza wa rangi yake kuichezea timu ya chuo hicho. Nyumbani kwao hakukuwa na mali. Alikuwa amelitumikia jeshi, na sasa alikuwa mwanafunzi mwenye kuhesabu senti zake. Akajiwa na mtu aliyemfahamu vizuri, mchezaji wa zamani wa timu ile ile, akamwahidi dola 1,000 ili apunguze pointi katika mchezo uliokuwa mbele yao.

Angalieni jambo hili, maana halibadiliki tangu siku hiyo hata leo: anayekuja si mgeni mwenye miwani myeusi. Anayekuja ni mwenzako wa zamani, mtu mliyekula naye sahani moja.

Kellogg alikwenda kwa kocha wake akamweleza. Kocha akampeleka kwa wakubwa wa chuo, habari ikafika kwa Frank Hogan, mwendesha mashtaka wa Manhattan. Kellogg akakubali kufungwa chombo cha kunasa sauti mwilini, akaenda kukutana tena na yule mtu kana kwamba amekubali. Kisha akaingia uwanjani akiwa na siri hiyo kifuani. Inasemekana usiku ule alicheza vibaya kwa wasiwasi. Timu yake ilishinda hata hivyo, na walanguzi wakakamatwa.

Uzi huo mmoja ulipovutwa, nguo yote ikafumuka. Mwezi wa Februari mwaka ule ule polisi waliwakamata vijana wa City College ya New York walipokuwa wakishuka garimoshi wakitoka Philadelphia. Hao walikuwa wapenzi wa jiji zima. City College kilikuwa chuo cha watoto wa maskini, kisichotoza karo, na kikosi chake cha Wayahudi na weusi kilikuwa kimetwaa mashindano yote mawili makubwa ya vyuo katika mwaka mmoja, 1950, jambo ambalo hakuna chuo kingine kilichowahi kulifanya. Uchunguzi ulipomalizika wachezaji 32 wa vyuo saba walikuwa wametajwa, na michezo 86 iliyochezwa kati ya mwaka 1947 na 1950 ilionekana kuwa imechezewa. Chuo cha Long Island kilifunga kabisa timu yake kwa miaka kadhaa. Kentucky kilikosa msimu mzima wa 1952 hadi 1953.

Mtaniuliza: hao walikuwa wanafunzi, wachezaji wa kulipwa wanaingiaje? Wanaingia hivi. Ligi ya kulipwa tunayoiita NBA ilikuwa bado mtoto mchanga, imeanzishwa mwaka 1946 na kupata jina hilo mwaka 1949. Wachezaji wake walitoka vyuoni, nao walikuja na mizigo yao. Alex Groza na Ralph Beard walikuwa wameipatia Kentucky ubingwa mara mbili, wakaipatia Marekani medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948. Walipomaliza chuo, wao na wenzao wakapewa timu yao wenyewe huko Indianapolis, timu iliyoitwa Olympians, na wachezaji walikuwa na hisa ndani yake. Hebu fikirini, kijana wa miaka ishirini na kitu, mchezaji tena mwenye timu! Groza alikuwa wa pili katika ligi nzima kwa kufunga pointi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1951 wakakamatwa. Kosa lilikuwa la siku zao za chuo. Walikuwa wamepokea fedha za walanguzi, na mmojawapo wa michezo hiyo, ule waliocheza na Loyola ya Chicago mwaka 1949, haukwenda hata kama walivyopanga. Walikusudia kushinda kwa kidogo, wakajikuta wameshindwa kabisa na kutolewa katika mashindano. Ndivyo ilivyo. Mtu husema nitalegeza kamba kidogo tu, na ng'ombe amekwisha kwenda.

Rais wa ligi, Maurice Podoloff, aliwafungia maisha. Beard alikuwa na umri wa miaka 23. Alikiri kwamba alipokea dola 700. Dola mia saba! Gharika yote ile kwa fedha zisizotosha kununua gari jipya. Timu ya Indianapolis ilikufa mwaka 1953, na wale wachezaji wengine ambao hawakugusa hata senti wakatawanyika na hisa zisizo na thamani.

Wa tatu nitampita haraka, kwa kuwa habari zake hazina utamu. Jack Molinas wa Fort Wayne Pistons alifukuzwa Januari 1954 kwa kuweka dau juu ya timu yake mwenyewe. Alijitetea kwamba aliweka dau ishinde, wala si ishindwe. Alikuwa na akili nyingi, akasomea sheria akawa wakili, kisha akaitumia akili hiyo kuunda mtandao wa kuwanunua wanafunzi katika vyuo vingi, mtandao uliogunduliwa mwaka 1961. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mwaka 1975 alipigwa risasi akafa nyumbani kwake Los Angeles.

Lakini kuna mtu mmoja aliyesimama karibu na moto wa Molinas, na habari zake ndizo zinazonikera kuliko zote. Jina lake Connie Hawkins. Alikuwa mtoto wa Brooklyn, maskini sana, mwenye mikono mikubwa ya ajabu, na waliomwona akicheza mitaani walisema hawajaona mfano wake. Mwaka 1961 alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Iowa. Siku hizo wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza katika timu kuu ya chuo. Basi kijana asiyecheza angepunguzaje pointi? Lakini alikuwa amemfahamu Molinas, na alikuwa ameazima kwake dola 200, ambazo ndugu yake alikwisha kuzirudisha. Wapelelezi walimhoji siku nyingi New York, kijana wa miaka 18 au 19 asiye na wakili. Hakushtakiwa kwa lolote. Hata hivyo chuo kilimwacha, na NBA ikamfungia mlango bila kesi, bila ushahidi, bila hata barua ya kueleza.

Hawkins alizunguka miaka minane. Alicheza katika ligi ndogo, akasafiri na Harlem Globetrotters akiwachekesha watu, akaipatia Pittsburgh ubingwa wa ligi nyingine mwaka 1968. Wakili mmoja na mkewe, wakili pia, wakaichukua kesi yake. Mwaka 1969 ligi ilikubali kumlipa zaidi ya dola milioni moja, na kumfungulia mlango. Aliingia Phoenix akiwa na miaka 27, magoti yamekwisha kuchoka, na bado akawa miongoni mwa walio bora. Mwaka 1992 aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kikapu. Alifariki mwaka 2017. Miaka ile minane hakuna aliyeirudisha.

Wahenga wetu walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali ya sokoni, na sokoni ina kazi yake. Lakini anayeitumia juu ya watoto wa watu na aangalie sana. Ligi ilioza upande mmoja, na kwa hofu ya harufu ikamtupa samaki mzima. Hilo nalo ni tunda la kamari. Huwaharibu walioshiriki, kisha huwafanya walinzi wa mlango kuwa wakatili kwa wasioshiriki.

Naam, tumesema juu ya wachezaji. Yuko mtu mwingine uwanjani, ambaye hana fulana ya timu yoyote na hashangiliwi na mtu. Huyo ni refa.

Tim Donaghy aliamua michezo ya NBA kwa misimu 13. Baba yake alikuwa refa wa michezo ya vyuo, hivyo firimbi ilikuwa kama urithi wa nyumba. Alikuwa na mshahara mnono, nyumba nzuri, mke na watoto. Alikuwa pia na ugonjwa wa kamari. Alianza kuweka dau juu ya michezo ya ligi, hata ile aliyoichezesha yeye mwenyewe. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka 2006, alikuwa akipeleka siri kwa James Battista, mchezesha kamari, kupitia kwa Thomas Martino, rafiki yake wa tangu shuleni. Mnaona? Rafiki wa tangu shuleni tena. Alijua waamuzi gani wangechezesha mchezo fulani, siku hizo jambo hilo likiwa siri. Alijua mchezaji gani ana maumivu, na refa gani hapatani na kocha gani. Walimlipa dola 2,000 kila alipobashiri sawa, baadaye wakapandisha hadi dola 5,000.

Wapelelezi wa FBI hawakuwa wakimtafuta yeye. Walikuwa wakisikiliza simu za majambazi wa New York, na jina la refa likatokea humo. Mwezi wa Julai 2007 akajiuzulu, Agosti akakiri makosa mawili mbele ya mahakama ya Brooklyn, na Julai 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15.

Je, alipuliza firimbi kwa uongo? Yeye alikana. Uchunguzi wa ligi yenyewe, uliotolewa Oktoba 2008, ulisema haukuona ushahidi kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Wengine waliochunguza baadaye hawakubali. Watu wanabishana hata leo, na huko kubishana ndiko hasara yenyewe. Maana baada ya Donaghy watu walianza kurudi nyuma. Wenyeji wa Sacramento walikumbuka mchezo wa sita walioshindwa na Lakers mwaka 2002, mchezo ambao Donaghy hakuuchezesha kabisa, wakasema: kumbe! Wakahesabu tena kila firimbi ya usiku ule. Hakuna lililothibitishwa, lakini nani angewanyamazisha? Refa anaweza kukosea kwa kuwa ni binadamu, na zamani mtu alimzomea akaenda kulala. Sasa kila kosa lina kivuli nyuma yake.

Samweli alipokuwa mzee aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, wawe waamuzi huko Beer-sheba. Wakaifuata faida, wakala rushwa, wakapotosha hukumu. Tunaisoma habari hiyo upesi kwa kuwa tuna haraka ya kumfikia mfalme Sauli. Lakini tazama kilichotokea. Wazee wa Israeli hawakusema: tuondolee hawa wawili, utuwekee waamuzi wema. Walikwisha kuchoka. Walitaka utaratibu wote uondolewe, wakaomba mfalme kama mataifa mengine. Vijana wawili waliuza haki katika mji mmoja wa kusini, na taifa zima likaacha kuamini kiti cha hukumu chenyewe, hata Samweli ambaye hakuwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe wala punda.

Ligi ilijitahidi. Tangu mwaka 2007 majina ya waamuzi hutangazwa asubuhi ya siku ya mchezo, ili isiwe siri ya kuuza. Wakaongeza uchunguzi wa tabia na wa fedha zao. Hayo ni mema.

Kisha likaja jambo ambalo mimi, kwa maoni yangu, naliona kuwa la kustaajabisha. Kwa miaka mingi ligi ilipinga kamari hadharani. Mwaka 1992 nchi ile ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia majimbo mengi yasiruhusu kamari ya michezo. Mwezi wa Novemba 2014 kamishna mpya, Adam Silver, akaandika katika gazeti la New York Times kwamba afadhali iruhusiwe kwa sheria na isimamiwe mwangani, kwa kuwa gizani ipo tayari. Hoja hiyo si ya kipumbavu, na wako watu waaminifu wanaoishika. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha ile sheria. Miezi miwili baadaye NBA ilikuwa imetia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya makasino. Majimbo mengi yakafungua milango, na matangazo ya kamari yakaingia katikati ya mchezo wenyewe. Yule ambaye zamani alikuja kwa mlango wa nyuma akawekewa kiti mbele.

Tena kamari yenyewe ilikuwa imebadilika. Sasa mtu haweki dau juu ya timu tu. Anaweza kuweka dau kwamba mchezaji fulani, hata yule wa akiba asiyejulikana, atafunga pointi zaidi ya nne au pungufu ya nne. Hapo hakuna haja ya kununua timu wala refa. Yatosha kumpata mtu mmoja, akae benchi akishika tumbo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Jontay Porter wa Toronto Raptors. Alikuwa na miaka 24, mchezaji wa mkataba mdogo. Alikuwa na madeni makubwa ya kamari, na waliomdai wakamwonyesha njia ya kulipa. Tarehe 26 Januari 2024 alicheza dakika nne na sekunde kadhaa, akatoka akisema ameumia. Tarehe 20 Machi akacheza chini ya dakika tatu, akatoka akisema anaumwa. Usiku huo mtu mmoja alikuwa ameweka dola 80,000 kwamba Porter angefanya machache, akitarajia kuzoa zaidi ya dola milioni moja. Dau kubwa hivyo juu ya mchezaji asiyejulikana liliwashtua hata wenye kampuni ya kamari, wakazuia malipo. Tarehe 17 Aprili 2024 akafungiwa maisha. Julai akakiri kosa mahakamani Brooklyn, mji ule ule wa Donaghy, mji ule ule wa Hawkins. Baada yake ligi na makampuni hayo walikubaliana kuacha dau la namna hiyo juu ya wachezaji wa mikataba midogo.

Wengi walidhani yamekwisha. Tarehe 23 Oktoba 2025, siku ya tatu tu ya msimu mpya, watu zaidi ya 30 walikamatwa, miongoni mwao mchezaji wa Miami, kocha mkuu wa Portland, na mchezaji wa zamani. Mashtaka yalikuwa mawili mbalimbali: moja la kuuza habari za ndani za michezo, na jingine la meza za karata zilizochezewa hila kwa ajili ya koo za majambazi wa New York. Yule mchezaji na yule kocha walikana mashtaka. Majina yao yako magazetini, nanyi mnaweza kuyasoma huko. Mimi sitayataja, maana nimetoka sasa hivi kuwasimulia habari za Connie Hawkins.

Basi, wazazi, msidhani tumezungumza habari za mbali. Dau la michezo ile ile ya Marekani linaweza kuwekwa kutoka chini ya blanketi hapa Kenya, kwa simu, kwa shilingi chache. Zamani mcheza pata potea ilimbidi asimame stendi ya mabasi, watu wote wakamwona, hata shemasi akipita. Aibu ilikuwa ukuta. Sasa ukuta huo haupo. Karo huondoka na hakuna aliyeona mkono ukitoka mfukoni. Na kijana akikuambia anaijua timu fulani vizuri, kwa hiyo hawezi kupoteza, mweleze habari za usiku wa tarehe 20 Machi 2024. Watu walioijua Toronto vizuri sana waliketi kuutazama mchezo ule, wasijue kwamba kitu walichokuwa wakikikadiria kilikuwa kimekwisha kupangwa. Ujuzi wako wa mpira hukusaidii kitu ikiwa mwingine anajua habari za tumbo la mchezaji.

Neno langu la mwisho ni kwa yule ambaye tayari ana deni. Huenda unasikiliza peke yako. Angalia tena watu hawa niliowataja. Porter alikuwa na deni la siri, na hilo deni ndilo lililokuja kumwagiza la kufanya. Donaghy alikuwa na ugonjwa wa siri. Mwenye siri ana bwana. Kellogg naye alikuwa maskini, na dola 1,000 zilikuwa fedha nyingi kwake, lakini hakulala na jambo lile moyoni kwa muda mrefu. Alikwenda kwa mtu mzima aliyemwamini akasema. Mtafute mtu wako leo: mama yako, mwalimu, mzee wa kanisa anayejua kunyamaza. Nasi wazee wa kanisa, mtu akija na habari kama hiyo, tusianze kwa kumhesabia fedha alizopoteza. Anazijua kuliko sisi.

Kuhusu Kellogg, baadhi yenu mtataka kujua aliishia wapi. Hakutajirika. Alijiunga na Harlem Globetrotters, na mwaka 1954, akiwa safarini, gari lilipata ajali naye akapooza. Alirudishiwa nguvu kidogo ya mikono kwa matibabu ya muda mrefu. Kisha akawa kocha wa mpira wa kikapu wa watu wanaocheza wakiwa katika viti vya magurudumu, na baadaye akafanya kazi katika idara ya jiji la New York iliyoshughulikia maendeleo ya mitaa ya maskini. Alifariki mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 71.